Mafundi wa jua kali, kwa kitabu ya welfea mnaandika nani?

OvaroliYaBluu

Habari za Jumapili wasee. Hii ni ndefu, kama uko na haraka pita tu. Mimi ni fundi wa weldi hapa Kariobangi Light, mwaka wa tisa sasa, mageti, grili, ngazi, meza za kibanda, chochote cha chuma. Mimi ni mwanamke na mtu wangu pia ni mwanamke. Nimeitoa hapo mbele mapema ndio wa kutusi watusi, wakimaliza tuongee.

Kwa shedi yetu tuko watu kumi na saba na dame ni mimi peke yangu. Tuko na welfea, kila mtu anatoa hamsini kwa siku, umepata kazi ama hujapata. Ukifiwa unapewa elfu ishirini na tunakodi nissan moja ya kwenda matanga. Katiba yetu imeandikwa kwa kitabu ya mraba na inasema utapewa ukipoteza bwana ama bibi, mtoto, mzazi, mzazi wa bwana ama bibi. Basi. Hio miaka yote nimetoa hamsini, na nimeenda kuzika mama mkwe wa watu sita, wengine ata majina sikuwa najua, nimesimama kwa matope Murang'a na Bondo nikiimba nyimbo za lugha siskii.

Mwezi wa pili mamake mtu wangu akaaga, huko Kisii. Nikamwambia katibu nataka siku tatu. Akaniuliza nani amekufa. Nikasema mama ya rafiki yangu. Akasema pole kwa rafiki yako, lakini kuna ile geti ya mteja wa Ijumaa, si uende Jumamosi tu urudi. Sikuwa na la kusema, ju nilikuwa nimeshajimaliza na mdomo wangu mwenyewe. Rafiki. Tumekaa nyumba moja miaka sita.

Hio Alhamisi nikangoja wote waende, nikabaki na taa moja nikatengeneza msalaba. Tyubu ya inchi mbili, geji 16, nikaziba miisho na vipande ndio maji isiingie ioze kutoka ndani. Jina nikaandika na weldi yenyewe, unaenda pole pole unaacha chuma ijae kama shanga, na herufi zingine nilizisaga nikarudia ju mkono ulikuwa unatetemeka. Saa nne usiku nikapaka redi oksaidi, asubuhi nyeusi, tukaifunga na gunia ikaenda juu ya basi. Kwa mazishi mtu wa kusoma programu akasema msalaba umetoka kwa "marafiki wa Nairobi", watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa huko nyuma na kina mama nakata sukuma.

Venye tulijuana sasa. Aliniletea mguu wa cherehani, ile Singer ya zamani ya kukanyaga, umevunjika. Hio ni chuma ya kumwaga, si chuma ya kawaida, ukiiendea na rodi za kawaida inashika vizuri mbele yako alafu ikianza kupoa unaskia tu ta, imepasuka kando ya weldi. Mimi nilikuwa najifanya najua. Akarudi siku ya pili, ikapasuka. Akarudi ya tatu. Hakuwa anakasirika, alikuwa anaketi kwa ndoo anangoja huku anashona vifungo za mtu. Mara ya nne nikameza kiburi nikauliza katibu, huyu huyu katibu wetu, akaniambia hio unatumia gesi na brasi, unapasha yote moto pole pole, ukimaliza unaizika kwa jivu ilale. Ikalala kwa jivu usiku mzima. Hio mguu iko mpaka leo. Yeye anasema ningejua kazi mara ya kwanza hatungejuana.

Nikipata macho ya weldi (wa hii kazi mnajua, ni kama umemwagiwa mchanga ndani), yeye ndio anakata waru mbichi nyembamba ananiwekea kwa macho, zikipata joto anabadilisha, mpaka saa nane usiku. Sijui kama inasaidia. Majirani wanajua ni binamu yangu.

Na kitu mnafaa mjue, ovaroli inaficha mtu kuliko buibui. Nywele fupi, ni ju ya cheche. Suruali, ni ju ya kazi. Sina bwana, ah huyo amezoea kukaa na wanaume wanamuogopa. Kila kitu yangu watu wameshanijibia ata kabla sijaulizwa. Ilinifaa sana, mpaka siku ya hio matanga.

Sasa Jumapili ijayo tunaandika katiba upya ju kitabu imejaa. Nataka nisimame niseme kila mtu aandike mwenyewe watu wake bila kueleza ni nani. Nikisema hivyo nitakuwa nimejianika? Ama ninyamaze niendelee kutoa hamsini?

Bwana_Spana

Mungu aliumba Adamu na Hawa. Ulianza vizuri na msalaba alafu ukaharibu. Heri ungefungua uzi wa bei za mageti tufaidike.

OvaroliYaBluu

Nitaufungua. Asante kwa kusoma mpaka mwisho lakini.

Njiwa_wa_Umoja

Hizi ni vitu za wazungu, kuna NGO inakulipa kuandika hii.

MwanaWaMwaitu

Njiwa, NGO gani inalipa mtu aandike mambo ya jivu na brasi.

Kwetu Ukambani mwanamke mwenye hakupata mtoto alikuwa anaweza kuoa mwanamke, anatoa mahari, mbuzi, ng'ombe, kila kitu. Tunaita iweto. Shosho yangu alikuwa na mmoja kwa boma. Wanandi pia wako nayo, na 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliikubali kwa kesi ya urithi. Ile sheria ya kukataza mapenzi ya jinsia moja ndio ililetwa na mkoloni, Penal Code yetu (sheria ya makosa ya jinai) ni ya 1930, ingia uangalie.

Lakini dada OvaroliYaBluu nisikudanganye pia, ju naona watu wanapenda kutumia hii kama silaha. Iweto haikuwa ya mapenzi. Ilikuwa ya kupata mtoto wa kurithi shamba, na huyo bibi alikuwa na mwanaume wake wa kando wa kuzaa naye. Shosho akiskia naifananisha na yenu atanipiga na mwiko. Nasema tu kuna wakati kijiji mzima ilikaa chini ikakubali mwanamke ni bwana ya mwanamke, ju kulikuwa na kitu ya kugawa na walitaka igawike bila fujo. Si welfea pia ni kugawa?

MtuWaMkono

Mimi ni mwanaume, mtu wa mkono kwa mjengo, saa hii tuko Ruaka. Nitaongea lakini msiniulize mengi.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa fundi wa vyuma, wale wa kukunja ringi na kufunga na waya. Kwa mjengo mapenzi inahesabiwa na slabu. Tulianzana slabu ya pili, ya sita ikimwagwa tukawachana, ju yeye alipata kazi Athi River na mimi nikabaki hapo kwa plasta. Kama hujawai kuwa kwa site siku ya slabu, ni foleni ya watu arobaini kutoka kwa mikisa mpaka juu, karai inapita mkono kwa mkono na hakuna kusimama ju simiti haingoji mtu. Yeye alikuwa anajipanga mbele yangu kwa hio foleni, sasa kila karai nikitoa anaipokea yeye. Karai mia na kitu. Vidole zinagusana chini ya karai sekunde moja hivi, alafu anageuka. Mkono inauma unataka kulia na hutaki slabu iishe. Hio nimekaa nayo miaka nane, leo ndio naisema mara ya kwanza.

Kitu imenifanya niandike ni kwamba kimya pia unailipia. Kuna jamaa wa site alitupata kwa stoo ya simiti. Hakuambia mtu. Alianza tu kuniomba mia mbili kila jioni. Nilikuwa nalipwa mia sita. Miezi nne hivyo. Polisi ungeenda useme nini, unaombwa pesa ju ya nini? Unaingia kama mlalamishi unatoka kama mshtakiwa. Na hio wakati tulikuwa tunaskia kuna watu wanapelekwa hospitali kupimwa nyuma kwa lazima, nikaona afadhali mia mbili.

Watu wanasema jitokezeni. Binyavanga Wainaina alijitokeza akasema ni shoga Januari 2014 na mimi nilifurahi, nilinunua gazeti nikaificha chini ya godoro. Lakini yeye alikuwa mwandishi. Mimi foromani akiskia leo, kesho asubuhi akihesabu watu kwa geti ananiruka, na hakuna barua ya kufutwa ju hakukuwa na ya kuandikwa. Dada yangu kama unaweza nyamaza, nyamaza.

KaraniWaMilimani

Mimi si wakili, ni karani tu kwa ofisi ya wakili, lakini mafaili nayasoma kuliko wenyewe.

MtuWaMkono, ile ya kupimwa kwa lazima Mahakama ya Rufaa huko Mombasa ilisema ni haramu, Machi 2018. Na mtu akikuomba mia mbili ndio asikutaje, hio ni kosa yake, haijalishi wewe ni nani. Najua kuambiwa hivyo na kuingia kwa stesheni ni vitu mbili tofauti, sikulaumu.

Kwa wale wanapenda kusema sheria inagusa wanaume peke yao: kifungu 165 cha Penal Code ndio kinataja wanaume, miaka 5. 162 kinaanza na maneno "mtu yeyote", na hio ni miaka 14. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Binyavanga alikuwa amekufa siku tatu mbele. Lakini someni vizuri, vinaongea juu ya kitendo, havisemi ni kosa kukaa na mtu ama kumzikia mama. Na Februari 2023 Mahakama ya Juu ilisema, majaji watatu kwa wawili, kunyima watu kama hawa kusajili shirika lao ni ubaguzi. Hio kesi ilianza 2013. Miaka kumi ju ya kukubaliwa kujaza fomu!

OvaroliYaBluu, ushauri wa bure. Ibara ya 45 ya Katiba inataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Usiingie kwa huo mkutano na neno bibi ama neno ndoa, utaanzisha vita haina faida. Welfea ni makubaliano yenu wenyewe. Ingia na majina.

Mama_Chapo

Mimi napika karibu na site, si ya Ruaka msiogope. Nyinyi vijana mnafikiria mmejificha. Niko na wawili hapa kila siku wanaagiza madondo moja na chapo mbili, mmoja anavulia mwingine helmeti ndio akule. Tunajua. Tunanyamaza ju wanalipa deni kila Jumamosi, na kusema ukweli si wengi wanalipa.

SandukuKamukunji

Mimi si wenu, niko na bibi na watoto watatu, na bibi akijua nimeandika hapa atanicheka. Natengeneza masanduku ya shule pale Kamukunji, bati, ribiti, kishikio, rangi. Januari ndio mavuno yetu.

Januari 2023 tukiwa kwa hio pilkapilka tukaskia habari ya Edwin Chiloba, yule kijana wa mitindo mwenye alikuwa anatetea mashoga, amepatikana kando ya barabara huko Uasin Gishu ndani ya sanduku ya chuma. Wenzangu walikuwa wanafanya mzaha. Mimi nilikuwa nimeshika nyundo nikaangalia ile sanduku niko nayo mbele, nikaipima na macho, unajua venye fundi hupima kitu bila kutaka. Nikaweka nyundo chini. Hio siku sikumaliza. Aliyemuua alipewa miaka 50 mwisho wa 2024, na habari ikitoka nilikuwa nimekaa pale pale nagonga masanduku ya Januari ingine. Ndio maana uzi kama huu nausoma mpaka chini.

Sasa maneno ya welfea. Yetu ilikuwa kama yenu. Tulibadilisha ju ya vitu mbili, kulikuwa na mzee ako na mabibi watatu kwa hivyo ako na wakwe sita, na kulikuwa na kijana amelelewa na shosho, shosho akakufa akaambiwa huyo si mzazi hupewi kitu. Ilikuwa karibu tuchomane na chuma ya kusoda. Mwisho tukakubaliana kila mtu anaandika majina manne na nambari za kitambulisho. Akitaka aandike jirani. Kubadilisha ni mara moja kwa mwaka, mwezi wa nne, ju Januari hatuna wakati ya upuzi. Hakuna mahali pa kuandika ni nani wako. Na haikupita ju watu walimhurumia yule kijana, nisikudanganye. Ilipita ju mwenye mabibi watatu alikuwa anamaliza pesa ya wenye wako na mmoja.

Simama useme hesabu. Usiseme haki. Wakiskia haki wataanza kukuangalia wewe, wakiskia hesabu wataangaliana wenyewe.

MtuWaMkono

Hio ya hesabu ni kali. Nimerudisha maneno yangu kidogo. Kidogo tu.

Njiwa_wa_Umoja

Bado nasema ni wazungu.

OvaroliYaBluu (wiki iliyofuata, Jumatatu)

Nimerudi. Sikuwa na bando na pia nilikuwa naogopa kuandika.

Tulikaa jana saa nane, mvua inapiga mabati ata huwezi skia mtu vizuri, kwa hivyo nilisema kwa nguvu kuliko venye nilikuwa nimepanga. Nikasema hesabu. Nikamtaja fundi wetu mmoja mwenye amezika wakwe watatu kwa miaka miwili, watu wakacheka, yeye mwenyewe akacheka zaidi. Mwekahazina akatoa simu akapiga: watu kumi na saba kwa majina manne ni sitini na nane, na hio tunaijua, lakini wakwe hatujui wako wangapi na wengine wanazidi kuoa. Ikapita. Ilikuwa kama dakika kumi. Miezi yote nimekuwa nikilala nayo na ilikuwa dakika kumi.

Si yote ilikuwa tamu. Kuna kijana tunatumia grainda moja, akasema kwa sauti "sasa wengine hapa wataandika mabibi zao" akiniangalia. Wawili wakacheka, wengine wakaangalia chini. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikamaliza chai. Sasa najua kuna kitu wanajua, ama wanashuku, na sijui ni tangu lini. Leo asubuhi amekuja kuniomba skwea kama kawaida. Nikampea. Hajanishukuru lakini huyo huwa hashukuru mtu.

Kuandika tuliandika hapo hapo, mmoja mmoja, katibu na ile kitabu mpya. Mama yangu. Ndugu yangu wa Busia. Mtoto wa dada yangu. Alafu nikataja jina la nne. Katibu akaliandika, kalamu ikasimama, akauliza huyu ni nani. Nikamwambia tumetoka tu kukubaliana hakuna mahali pa hio. Akasema najua, ni mimi tu nauliza. Nikanyamaza. Akaangalia lile jina tena, akaniuliza polepole, mvua ilikuwa bado, "Si ni yule wa mguu wa cherehani?"

Nikasema ni yeye.

Akauliza, "Na ilishika?"

Nikasema ilishika mzee. Akasema nipe nambari ya kitambulisho.

SandukuKamukunji

Umeniliza hapa sokoni na wateja wananiangalia.

Mama_Chapo

Mwambie akuje pia anishonee aproni. Na pole na mama.

Bwana_Spana

Mimi na dini yangu hatujabadilika. Lakini hebu uliza, geti ya futi kumi na mbili, milango miwili na kile kimlango kidogo cha watu, tyubu ya geji 16, inaenda ngapi saa hii? Wa hapa kwangu amenitajia bei nimeshtuka.

OvaroliYaBluu

Njoo inboksi, na uje na vipimo za nguzo mpaka nguzo, usikadirie.